Fungu la Pili la Rozari

Saa tatu asubuhi Inspekta Edna Mwambene alikuwa amekwisha kusoma maelezo ya mashahidi wanne mara tatu, na mara zote yalimkera kwa jambo lilelile: yalikubaliana mno. Watu wanne waliosimama katika chumba kimoja, kila mmoja na kazi yake na macho yake, hawakumbuki kifo kwa maneno yaleyale.

"Mgonjwa alibadilika hali kabla simenti haijafunguliwa." Ndivyo alivyoandika Dokta Valentino Njahani, bingwa wa mifupa. Ndivyo alivyoandika msaidizi wake, na ndivyo walivyoandika wauguzi wawili waliokuwa chumbani.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Mzee Theodori, mwalimu mkuu mstaafu wa Kiberege, aliyeteleza kwenye jaruba lake la mpunga akavunjika nyonga. Alhamisi alilazwa mezani katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya Ifakara ili awekewe nyonga ya bandia. Saa nne na dakika kumi alikuwa maiti. Jumamosi akazikwa. Na Nazari, mtaalamu wa usingizi aliyemchoma ganzi ya mgongoni, alikuwa mahabusu tangu jioni ya Alhamisi. Leo, Jumatatu, saa nane mchana, angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Wiki iliyopita Edna hakujua kama kuna simenti ya mifupa. Sasa alijua. Kichwa cha mfupa uliovunjika hukatwa, na chuma chenye kichwa kipya hutumbukizwa ndani ya paja. Kinachokishika chuma hicho ni simenti, unga na maji yake maalumu, vinavyokorogwa palepale mezani vikawa laini kama ugali, na baada ya dakika chache vikawa jiwe. Alijua pia alichoelezwa kwa simu na daktari wa mkoa: simenti ikisindiliwa kwa nguvu, hasa ndani ya mfupa ambao haukusafishwa vizuri, mafuta ya uboho huweza kukimbilia kwenye damu. Presha huanguka. Kwa mzee, moyo huweza kusimama. Kwa hiyo mpasuaji hutangaza kwa sauti, "Simenti inaingia," na hagusi kitu mpaka mtu wa usingizi ajibu kwamba yuko tayari.

Nazari alikuwa ameandika maelezo mafupi. Kwamba presha ya mzee ilikuwa chini, akaomba asubiriwe aongeze dripu. Kwamba hakutangaziwa kitu. Kwamba aliona simenti ikiingia.

Neno lake dhidi ya maneno ya wanne.

"Afande, kwa nini tusifukue kaburi?" aliuliza Koplo Sylvester, aliyekuwa akiendesha gari huku akikwepa mashimo ya barabara. "Tungeona kama simenti imo au haimo, yakaisha."

"Familia imekataa. Na hakimu hatoi amri ya kufukua kwa sababu mimi Edna nina mashaka. Nipe sababu, nitafukua."

"Na ile pombe?"

"Ile pombe ndiyo inayonisumbua."

Mfanya usafi mmoja, Festo, alikuwa amewaambia polisi wa kwanza kufika kwamba alisikia harufu kali ya pombe ikitoka chumba cha upasuaji. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomfunga Nazari pingu.

*

Kwenye benchi la nje ya wodi ya mifupa walikaa watu kama kumi na wawili na magongo yao. Bibi mmoja mwenye mguu mmoja uliokuwa mfupi kuliko mwingine aliinua uso.

"Shikamoo, bibi," alisema Edna.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeletwa kumsaidia dokta?"

"Hapana, bibi. Natoka polisi."

"Aa." Bibi aliuvuta mguu wake kwa mikono miwili kama mtu anayevuta mzigo wa mwenziwe. "Basi mwambie dokta, Angelina wa Malinyi bado yupo. Wiki ya tatu hii. Choo chenyewe naenda kwa kujiburuza matako."

Dokta Valentino aliwapokea ofisini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, mikono mikubwa, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Inspekta, nimeshaandika yote."

"Nimeyasoma. Nina maswali madogo tu. Paketi ya simenti ina kibandiko ambacho hubanduliwa kikabandikwa kwenye faili la mgonjwa. Kwenye faili la Mzee Theodori hakuna."

"Kwa sababu haikufunguliwa."

"Basi ipo. Naomba niione."

Dokta aliichezea kalamu yake. "Niliamuru ichomwe."

"Paketi nzima? Haijafunguliwa?"

"Kiyoyozi kilikufa asubuhi ile. Chumba kilikuwa tanuri. Simenti ikipata joto haiaminiki tena, inakauka mapema kabla hujamaliza kazi. Siwezi kuiweka kwa mgonjwa mwingine."

"Ilikuwa paketi ya ngapi?"

"Ya mwisho. Tunaletewa na wafadhili, na hawaji kila mwezi."

"Kwa hiyo ukachoma ya mwisho," alisema Edna, akiandika. "Na pale nje wapo wanaoisubiri."

"Kumi na tisa," alisema dokta. "Najua majina yao yote, Inspekta. Toka Kidatu mpaka Malinyi hakuna mwingine anayefanya kazi hii. Ukimaliza kuniuliza habari za vibandiko, nami nikaone wagonjwa."

"Nazari alikuomba usubiri?"

"Nazari alikuwa anahangaika na sindano zake. Sikumbuki alichosema."

"Alikuwa amelewa?"

Dokta aliirudisha kalamu mfukoni. "Hilo waulize waliosikia harufu," alisema.

*

Walimkuta Festo kwenye korido akipiga deki. Alikuwa mtu mzima mwembamba, mwenye mzaha, lakini alipoiona sare ya Sylvester mzaha ulimtoka.

"Afande, mimi nilisema nilichosikia tu. Sikusema ni Nazari."

"Hakuna aliyekulaumu, kaka Festo. Nieleze tu ilikuwa harufu ya namna gani. Ya bia?"

"Hapana."

"Ya gongo?"

"Gongo naijua, afande, tusidanganyane." Sylvester alicheka, Festo akapata nguvu. "Ile ni kali kuliko gongo. Inakwea puani mpaka machozi. Kama... wale kina dada wanapofuta rangi za kucha. Hivyo."

"Sasa mbona ukasema pombe?"

"Aliniuliza yule askari: umesikia harufu ya pombe? Nikasema nimesikia harufu kali. Yeye akaandika pombe. Mimi nani nimsahihishe askari?"

Sylvester aliacha kucheka. Edna alisogea karibu.

"Hiyo harufu umewahi kuisikia siku nyingine?"

"Mbona kila wakifanya nyonga ipo! Siku za kufunga mfupa kwa vyuma na skrubu haipo. Siku za nyonga ndiyo mnapishana nayo mpaka huku."

"Hata siku ambazo Nazari hayupo?"

"Hata alipokuwa likizo Mahenge mwezi mzima. Ilikuwepo."

Edna alifunga daftari, kisha akalifungua tena. Kosa la askari mmoja mwenye haraka lilikuwa limemlaza mtu sakafuni siku nne, na hakuna aliyerudi kuuliza. Harufu ile ilikuwa ya maji ya simenti. Kichupa chake kikivunjwa, hujaza chumba.

"Alhamisi uliisikia saa ngapi?"

"Saa sina, afande. Ila niliisikia kabla ya zile mbio za kumhangaikia mzee. Muuguzi wetu Mama Yosefina alikuwa tayari anasali."

"Anasali?"

"Rozari. Husali kwa sauti, unamsikia mpaka hapa." Festo aliegemea mpini wa deki yake kama mtu anayeeleza jambo la kila siku. "Zamani alikuwepo Sista mmoja mzee, marehemu sasa, ndiye aliyewafundisha. Saa ya ukutani ilikufa, basi akasema simenti tutaipima kwa rozari. Unga na maji vikikutana tu, wanaanza Baba Yetu. Fungu la kwanza inaiva. Fungu la pili inaingia. Fungu la tatu imekuwa jiwe. Saa mpya ililetwa, lakini Mama Yosefina haiamini. Hata mimi ndiyo saa yangu. Nikisikia fungu la tatu, najaza ndoo."

Edna aliliweka daftari kwapani. Yeye alikuwa Mmoravian wa Rungwe. Rozari kwake ilikuwa shanga za watu wengine. Alilitoa jalada mkobani, akaitafuta karatasi ya muuguzi mkuu wa upasuaji, Yosefina, na akausoma mstari ambao alikuwa ameuruka mara tatu kwa kuuona ni uchaji tu.

"Mgonjwa alibadilika hali nikiwa katika fungu la pili la rozari, kabla simenti haijafunguliwa."

Alimpa Sylvester. Koplo alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Alisoma akakuna kichwa.

"Fungu moja linachukua dakika ngapi, Sylvester?"

"Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi. Ukisali vizuri bila kukimbiza, kama dakika nne."

"Kwa hiyo alipokuwa katika la pili..."

"Simenti ilikuwa na zaidi ya dakika nne tangu ikorogwe." Alimrudishia karatasi. "Afande, huyu mama amejiandika mwenyewe."

"Hakujua kama ni saa," alisema Edna. "Kwake ni sala."

Festo alikuwa amekwisha kurudi kwenye deki yake, ila aliongeza bila kuulizwa, "Mkamuulize na vijiwe vyake. Kila nyonga ana kijiwe chake."

*

Yosefina alikuwa peke yake kwenye chumba cha kuoshea vifaa, akikausha makoleo kwa kitambaa cha kijani. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Juu ya rafu, kando ya sanamu ndogo ya Bikira Maria, palikuwa na kopo la maziwa ya unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Nilijua utarudi."

"Kwa nini?"

"Uliondoka mapema mno juzi."

Edna alivuta stuli akakaa. "Mama, Nazari unamfahamu vipi?"

"Alikuja hapa kijana hana hata shati la pili. Kila asubuhi, kabla hajavaa kofia, ananipa shikamoo. Miaka tisa hajawahi kunipita." Alikausha koleo lililokwisha kukauka. "Mwanae wa kwanza, Jenifer, nimemsimamia mimi ubatizo."

"Basi nisaidie jambo moja. Alhamisi ulisali rozari?"

"Nasali kila siku."

"Mezani, mama. Ulisali mafungu mangapi?"

Mikono ya Yosefina ilisimama.

Edna alikwisha kuwahoji wezi na wauaji, na alijua kwamba watu wengi huweza kusema uongo juu ya damu, fedha, ndoa na mashamba. Lakini huyu angelazimika kudanganya juu ya sala yenyewe, na alikuwa akimtazama akishindwa.

"Moja," alisema Yosefina mwishowe. "Moja zima. Na Salamu Maria tatu."

"Unaanza lini kuhesabu?"

"Unajua unaanza lini. Festo ameshakwambia."

"Nataka nisikie kwako."

"Unga na maji vikikutana." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Niliikoroga mwenyewe."

Aliinuka, akalishusha kopo, akaliweka mezani na kulifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe vigumu, vingi, kila kimoja kimezungushiwa kipande cha plasta chenye jina na tarehe. Alieleza bila kuulizwa. Kila akikoroga, humega kidogo akakishika kiganjani. Kikiwa kigumu mkononi, hujua na ile ya ndani ya mfupa imekuwa ngumu. Wenzake hutupa. Yeye huviweka, na jioni huvitaja kwa majina mbele ya Mama wa Mungu.

Kidonge cha juu kabisa kiliandikwa: THEODORI. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi.

"Uliambiwa ukitupe?"

"Dokta aliniambia hakuna kilichofunguliwa, kwa hiyo hakuna cha kubaki. Kibandiko nilimpa. Hiki nilikitia mfukoni." Alikigusa kwa ncha ya kidole. "Yule mzee aliniuliza pale mezani, sista, mpunga wangu wameshauvuna? Nisingeweza kumtupa."

Edna alikichukua kwa kitambaa. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya harage, na upande mmoja kilikuwa na mistari ya kidole gumba.

"Dokta anaweza kusema ilikorogwa lakini haikuwekwa. Paketi moja ikikorogwa, donge lake lina ukubwa gani?"

Yosefina alikunja ngumi akaiinua.

"Hiki ni harage, mama. Ngumi iliyobaki iko wapi?"

"Kiberege," alisema Yosefina. "Kaburini."

Hapo alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalianguka juu ya kitambaa cha kijani naye akaendelea kueleza, kwa mpangilio, kama anayekabidhi zamu. Joto. Simenti kuanza kuvuta mapema, Salamu Maria ya kwanza tu ya fungu la pili. Nazari kusema, dokta, subiri, presha ni sabini, nipe dakika tatu. Na dakika tatu zilikuwa hazipo. Ingekuwa jiwe ndani ya bakuli, na nyingine hakuna, na mzee paja limeshafunguliwa. Dokta hakusema "Simenti inaingia." Hakuusafisha mfupa mara ya pili. Aliichukua mikononi mwa Yosefina, akaisindilia kwa gumba. Mashine ikalia kabla chuma hakijakaa sawa.

"Ni makosa ya mtu aliyebanwa," alisema Edna. "Angeandika hivyo, huenda leo tusingekuwa hapa. Kwa nini mkamtupia Nazari?"

"Alitukusanya. Akasema, mimi nikienda, nani atawafanyia hawa? Akatutajia mmoja mmoja. Bibi Angelina. Yule kijana wa boda wa kijiji cha Mbingu. Nikasema moyoni, Nazari ni mmoja. Watu wa usingizi wanapatikana." Alijifuta uso kwa mkono. "Nikalipigia magoti hilo jambo siku tatu nzima. Nilikuwa namwomba Mungu anipe nguvu za kunyamaza. Si sala ile, binti yangu. Siku zote tatu sikusikia mtu upande wa pili."

Edna alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Vaa viatu vyako, mama. Twende ukaandike upya."

*

Dokta Valentino alikitazama kidonge kwa muda mrefu. Alikuwa na glavu mkono mmoja tu.

"Hicho kinaweza kuwa cha yeyote," alisema.

"Kina alama ya kidole cha mtu, jina na tarehe. Ukikataa, hiki kinanitosha kwa hakimu anipe amri ya kufukua. Mjane wa Mzee Theodori atasimama pale akitazama majembe. Chagua wewe, dokta."

Alivua glavu. Aliikunja vizuri kabla ya kuitupa.

"Nilidhani nitamwahi kabla presha haijaanguka zaidi," alisema. "Nimewahi mara nyingi, Inspekta. Nyingi mno."

"Nazari alikuomba dakika tatu."

"Sikuwa nazo."

"Lakini siku nne za Nazari ulikuwa nazo."

Walipotoka naye, Sylvester akiwa pembeni yake bila kumfunga pingu, benchi zima liligeuka. Wale wenye magongo walijaribu kusimama kwa heshima.

"Dokta!" aliita Bibi Angelina. "Unarudi saa ngapi?"

Dokta Valentino aliinamisha kichwa akapita. Bibi akamgeukia Edna. Edna alimwinamia, akamshika bega, akaenda kwenye gari.

*

Kituoni mambo yalikwenda polepole kama kawaida ya kituoni. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alisoma maelezo mapya mara mbili, akakiinua kidonge kwenye mwanga wa dirisha, akalaani, akapiga simu mahakamani. Ilipofika saa saba na nusu, jina la Nazari lilikuwa limefutwa kwenye orodha ya kesi za mchana.

Yosefina alikaa kwenye benchi la mapokezi, kopo lake mapajani. Maelezo yake ya kwanza ya uongo yalikuwa na saini yake, na Edna alikwisha kumweleza kwamba nalo ni kosa, na kwamba hataweza kumfichia. Alikuwa ameitikia tu.

"Nimngojee?" aliuliza.

"Nani?"

"Baba Jenifer. Nimngojee, au niende?"

"Sijui, mama," alisema Edna, na ilikuwa kweli.

Nazari alitolewa mahabusu akiwa amevaa nguo zilezile za kijani za chumba cha upasuaji, zimechafuka magotini. Hakuwa na mkanda wala kamba za viatu. Alirudishiwa kaunta, akainama kuzifunga. Edna alimweleza kwa maneno machache: simenti imeonekana, dokta anahojiwa, Mama Yosefina ameandika ukweli.

"Lini?" aliuliza Nazari.

"Leo."

"Leo," alirudia. Alimaliza kufunga kiatu cha pili, akasimama.

Njia ya kutokea ilipita mbele ya benchi. Yosefina alisimama akilikumbatia kopo, uso ameuinua kama afanyavyo kila asubuhi mlangoni pa kubadilishia nguo. Nazari alimwona. Edna aliona kwamba amemwona, kwa sababu mguu wake ulipunguza mwendo, na kinywa chake kikafunguka kidogo kwa mazoea ya miaka tisa. Kisha kikafungwa. Alipita, upana wa shuka tu kati yao, akatoka nje kwenye jua.

Koplo wa kaunta aliacha kuandika.

"Marahaba, mwanangu," alisema Yosefina, akiutazama mlango.